Saa za Jikoni: Mabadiliko Madogo Yaliyopunguza Upotevu Katika Mgahawa Wetu

Badiliko la kwanza tulilofanya halikugharimu chochote: tulisogeza mbele saa ya kuwasha majiko. Katika jikoni nyingi nilizofanya kazi, anayefika wa kwanza asubuhi huwasha kila kitu kwa mkupuo mmoja: oveni, kikaangio, bamba la kuchomea nyama, feni ya moshi, taa zote mpaka za stoo. Ndivyo alivyomkuta mwenzake akifanya, na mwenzake naye aliwakuta wengine wakifanya hivyo. Kisha anaketi kumenya vitunguu saa nzima au zaidi, huku oveni tupu inawaka nyuma yake.

Tulikaa na saa ya ukutani tukapima kila kifaa kinachukua muda gani kufikia moto wake wa kazi. Vingi vilikuwa tayari kabla ya nusu saa kwisha. Tukabandika kikaratasi kwenye kila kifaa chenye saa mbili: ya kuwasha na ya kuzima. Saa ya kuzima ndiyo iliyozaa zaidi, kwa sababu kati ya chakula cha mchana na cha jioni kuna kipindi kirefu ambacho nusu ya vifaa havina kazi, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya wazi ya kuvizima. Kikaratasi kilikuwa ndiyo ruhusa yenyewe.

Kazi za jikoni nilizianza kwa kuosha vyombo, nikafika kwenye kusimamia wapishi. Kwa miaka ya karibuni nimekuwa nikitafuta namna ya kuufanya mgahawa uwe mwepesi kwa mazingira bila kusubiri fedha za mitambo mipya. Nilichokiona ni kwamba upotevu mwingi wa jikoni ni suala la wakati. Kitu kimewashwa mapema mno, kimepikwa mapema mno, kimetolewa kwenye friza kwa kuchelewa, kimeagizwa siku isiyo yake. Saa zikikaa sawa, gesi, umeme, maji na chakula vyote vinapona kwa pamoja.

Feni ya moshi inastahili maneno kidogo, kwa kuwa watu wengi huidharau. Haitoi joto, haionekani kama kitu kinachokula umeme. Lakini mota yake huzunguka mchana kutwa, na kila hewa inayoitupa nje ni hewa ambayo kiyoyozi au kipasha joto kilikwisha kuifanyia kazi. Kuna kanuni ya kifizikia inayomsaidia mwenye mgahawa hapa: umeme unaohitajiwa na feni hupanda na kushuka kwa mchemraba wa kasi yake, yaani kasi mara kasi mara kasi. Ukiishusha kasi hadi asilimia 80, mahitaji ya umeme yanaanguka hadi karibu nusu. Feni yetu ilikuwa na swichi ya kasi ambayo hakuna aliyekuwa akiigusa. Sasa inashushwa majiko yanapopungua, inapandishwa kazi inapochemka. Tulisukuma pia majiko yakakaribia ukuta, kwa sababu pengo la nyuma huvuta hewa safi na kuuacha moshi utoroke kwa mbele. Sharti letu moja halina mjadala: moto wa gesi ukiwaka, feni haizimwi. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na hakuna akiba ya umeme inayolingana na uhai wa mpishi.

Na kuna suala la kuchemsha. Sufuria inayotokota kwa fujo haina joto zaidi kuliko inayochemka taratibu; maji yakishafikia kiwango cha kuchemka, moto wote wa ziada unakwenda kwenye mvuke. Kuigeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji nishati zaidi ya mara 6 ya ile inayohitajika kuyapeleka maji hayohayo kutoka nyuzi 20 hadi 100. Kwa hiyo mpishi anayeacha supu itokote bila kifuniko analipa gesi ili kulowesha dari, kisha anailipa feni iutoe huo mvuke. Tulinunua vifuniko vya sufuria zisizo navyo. Hicho ndicho kifaa chenye faida kubwa kuliko vyote nilivyowahi kununua kwa ajili ya jiko.

Baada ya moto nikaligeukia pipa. Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa ndipo penye uzito wa suala lote.

Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula katika nyumba, maduka na sehemu zinazouza chakula kilichopikwa. Asilimia 28 ya hicho kilitoka kwenye migahawa, hoteli, kantini na wenzao. Ukijumlisha na kinachopotea mashambani na njiani, upotevu wa chakula unabeba asilimia 8 hadi 10 ya gesijoto zote zinazotokana na shughuli za binadamu. Chakula kinapofukiwa dampo bila hewa huoza na kutoa methani, ambayo katika kipindi cha miaka 20 hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 ya kaboni dioksidi kwa uzito uleule. Na kabla hakijafika dampo kilikwisha kutumia maji ya shamba, mbolea, dizeli ya lori, umeme wa friji na gesi ya jiko letu. Hata ukibadilisha kila taa ikawa ya LED, ukiendelea kutupa sufuria ya wali kila usiku hujafika mbali.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuliweka ndoo nne za rangi tofauti, mizani ya kawaida na daftari lenye kalamu iliyofungwa kwa kamba. Ndoo ya kwanza ni ya vilivyoharibika stoo au kwenye friji. Ya pili ni maganda na vipande vinavyobaki wakati wa kuandaa. Ya tatu ni chakula kilichopikwa kisiuzwe. Ya nne ni kinachorudi kwenye sahani za wateja. Mwisho wa zamu kila ndoo inapimwa, mtu anaandika uzito na neno moja au mawili: "nyanya, zimeiva mno", "wali, umebaki", "saladi, hazijaguswa".

Pipa moja kubwa halisemi kitu, maana linachanganya makosa ya mwagizaji, ya mpishi, ya anayepakua na ya menyu yenyewe. Ndoo nne zinasema nani aongee na nani. Ndoo ya kwanza ikijaa, mazungumzo ni kati ya stoo na anayeagiza. Ya pili ni ya visu na mikono. Ya tatu ni ya saa za kupika. Ya nne ni kati ya jikoni na ukumbi.

Kitu kimoja nilikisisitiza tangu mwanzo na bado nakisimamia: hakuna jina la mtu kwenye daftari. Nimefanya kazi mahali ambapo chakula kilichoharibika kilikatwa kwenye mshahara wa mpishi. Matokeo yake ni kwamba kilikuwa kinatupwa kwa siri, ndani ya mfuko mweusi, chini ya maganda. Mwenye mgahawa alidhani hapotezi chochote. Ukitaka kujua ukweli wa pipa, lazima anayetupa awe salama kuusema.

Ndoo ya nne ndiyo iliyonifundisha kumsikiliza mwosha vyombo. Wapishi huona chakula kinavyotoka, wahudumu huona sahani inavyopokewa, lakini mwosha vyombo peke yake ndiye anayeona kilichoachwa, sahani baada ya sahani, siku baada ya siku. Dada anayeosha vyombo kwetu aliniambia bila kuangalia daftari lolote, "Shefu, huu mkate wa pembeni hauliwi. Wanaugusa tu." Ndoo ilithibitisha maneno yake. Mkate ulikuwa unawekwa kwenye kila sahani kwa sababu siku zote uliwekwa. Sasa mhudumu anauliza kwanza, na anayeutaka anauletewa ukiwa wa moto. Dada huyo siku hizi anahudhuria kikao cha wapishi, na mara nyingi yeye ndiye anayeanza kuongea.

Kwenye vipimo vya kupakua tulikwenda taratibu, maana mteja akihisi ameibiwa harudi. Tulileta ukubwa wa aina mbili kwa vyakula vinavyoshibisha haraka, na tukaruhusu kuongezewa wali au mboga bure kwa anayehitaji. Wanaoomba nyongeza ni wachache kuliko waliokuwa wakibakiza. Kuna ushahidi wa nje pia. Mwaka 2013 watafiti wawili wa Norway, Steffen Kallbekken na Håkon Sælen, walichapisha matokeo ya jaribio kwenye hoteli ambazo wageni hujipakulia wenyewe. Baadhi zilipunguza kidogo ukubwa wa sahani. Nyingine ziliweka kibango cha kumkaribisha mgeni arudi kujipakulia mara nyingi apendavyo. Kila njia, peke yake, ilipunguza chakula kinachotupwa kwa karibu asilimia 20, na kuridhika kwa wageni hakukushuka. Napenda hasa kile kibango, kwa kuwa hakimnyimi mtu kitu. Kinamwondolea tu hofu kwamba chakula kitaisha kabla hajarudi.

Ndoo ya tatu, ya vilivyopikwa visiuzwe, ilikuwa na chanzo kimoja kikubwa: saa ya mwisho kabla ya kufunga. Kila mtu alitaka vyombo vya maonyesho vibaki vimejaa hadi dakika ya mwisho, ili mteja anayechelewa asione mgahawa unaofilisika. Tulibadilisha vyombo. Saa hiyo ikifika, chakula kinahamishiwa kwenye trei ndogo, na trei ndogo iliyojaa inavutia kuliko kubwa iliyojaa nusu. Tulianza pia kupika kwa mikupuo midogo kadiri jioni inavyosonga, na kukubali kusema "kimekwisha". Neno hili lilimsumbua sana mwenye mgahawa. Binafsi naliona ni neno la heshima: linamwambia mteja kwamba chakula hapa hupikwa cha leo.

Kinachobaki pamoja na hayo yote kina njia mbili. Ya kwanza ni chakula cha wafanyakazi, ambacho sasa kinapangwa mapema na si cha kubahatisha. Ya pili ni kupozwa kwa usahihi ili kitumike kesho kama kiungo, na hapa usalama unatangulia mazingira. Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba vijidudu huzaliana haraka kati ya nyuzi 5 na 60, na kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 kwenye joto la kawaida. Sufuria kubwa ya mchuzi ikiingizwa friji ikiwa moto, katikati yake itabaki vuguvugu kwa saa nyingi, na itavipasha joto vyakula vilivyo jirani. Tunaimimina kwenye trei za kina kifupi, tunaziweka juu ya maji yenye barafu, tunakoroga, kisha friji. Kila trei inaandikwa saa ya kupikwa. Isiyo na maandishi inatupwa bila mjadala, na uzito wake unaingia kwenye daftari. Kutupa kwa ajili ya karatasi isiyoandikwa kunauma, ndiyo maana watu huandika.

Mwaka 2019 kundi la Champions 12.3, linalofuatilia lengo la Umoja wa Mataifa la kupunguza kwa nusu chakula kinachotupwa ifikapo mwaka 2030, lilichapisha uchunguzi wa migahawa 114 katika nchi 12. Kwa wastani, kila kiasi kilichowekezwa katika kupunguza upotevu kilirudi mara 7. Nilimpelekea mwenye mgahawa takwimu hii wakati akisitasita kuruhusu muda wa kupima ndoo mwisho wa zamu. Aliruhusu. Hakuhitaji kuambiwa habari za barafu za ncha za dunia.

Kwenye friji kazi ilikuwa ya mikono zaidi kuliko ya akili. Mpira wa mlango tuliujaribu kwa karatasi: unaifunga katikati ya mlango kisha unaivuta, ikitoka kirahisi, baridi nayo inatoka hivyohivyo. Mipira iliyochakaa ilibadilishwa. Koili za nyuma au za chini, zinazotoa joto nje, zilikuwa zimevaa koti la vumbi na mafuta ya jikoni. Sasa zinasafishwa kila mwezi kwa brashi. Koili chafu huilazimisha kompresa kufanya kazi muda mrefu zaidi kwa baridi ileile. Tulipanga upya rafu ili vinavyochukuliwa mara nyingi viwe mbele, tukachora ramani ya friji kwenye mlango wake. Mpishi anaisoma mlango ukiwa umefungwa, anafungua, anachukua, anafunga.

Kuna sehemu ya friji ambayo wengi hawaijui: gesi inayozunguka ndani ya mabomba yake. Gesi iitwayo R-404A, iliyoenea sana kwenye friza za biashara, ina nguvu ya kupasha dunia joto karibu mara 3,900 ya kaboni dioksidi. Ikivuja kilo chache tu, akiba yako ya taa inaweza kufutika yote. Mataifa yalikubaliana mjini Kigali mwaka 2016 kupunguza hatua kwa hatua gesi za jamii hiyo, chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Friji nyingi mpya za biashara hutumia propani, R-290, ambayo nguvu yake ya kupasha joto ni ndogo sana. Sisi hatukubadilisha friji zinazofanya kazi. Tulichobadilisha ni desturi ya "kuongeza gesi". Fundi akija akasema gesi imepungua, jibu letu ni kwamba gesi haichakai; ikipungua imevuja. Atafute tundu kwanza, azibe, ndipo ajaze. Mafundi wazuri hulifurahia jibu hilo.

Kuagiza mali nako ni suala la saa. Oda zilikuwa zikitumwa asubuhi, na mtu mwenye haraka, akikadiria kwa macho. Tukazihamishia baada ya kufunga, daftari likiwa wazi na friji zikiwa zimehesabiwa. Anayeagiza anaona kwa pamoja kilichouzwa, kilichobaki na kilichotupwa. Mboga za majani zikawa zinaagizwa kidogo na mara nyingi zaidi, vitu vikavu kwa wingi na mara chache. Mali mpya hupangwa nyuma, ya zamani ikaja mbele. Wapishi wote wanaijua kanuni hiyo, ila hufuatwa tu pale anayepokea mzigo anapokuwa na muda wa kupanga. Tulimpa huo muda, tukamwondolea kazi nyingine saa ya mzigo kufika.

Maji. Mahali palipokuwa panavuja zaidi, kwa maana ya matumizi, ni kuyeyusha nyama chini ya bomba linalotiririka. Mtu akisahau kuitoa friza usiku, mchana bomba linafunguliwa na kuachwa. Dawa yake ni orodha ya kesho inayobandikwa kwenye friza kila jioni: kipi kihamie friji leo ili kiwe kimelainika kesho. Nyama inayoyeyuka ndani ya friji haiombi maji hata tone, na baridi yake inaisaidia friji yenyewe.

Kwenye sinki tulibadilisha kichwa cha bomba la kunyunyizia vyombo kabla havijaingia mashineni. Vya zamani vinaweza kumwaga lita 10 au zaidi kwa dakika. Vya kisasa vinafanya kazi hiyohiyo kwa chini ya lita 5, kwa kuwa vinatumia kasi badala ya wingi. Na maji hayo mara nyingi ni ya moto, kwa hiyo kila lita iliyookolewa ni nishati pia. Mwosha vyombo ndiye aliyechagua kichwa kipya baada ya kujaribu aina kadhaa, na hilo naliona la lazima. Ukimletea mtu kifaa kinachomchelewesha, atakitoboa, na atakuwa na haki. Trei ya mashine haiingii mpaka ijae. Masufuria yenye ukoko yanalowekwa mapema, si kusuguliwa chini ya maji yanayokimbia.

Mafuta ya kukaangia huharibiwa na moto, hewa, maji, chumvi na chembe za chakula, kwa hiyo ukivizuia hivyo unayaongezea uhai. Yanachujwa kila siku yakiwa yamepoa kiasi, kikaangio kinafunikwa kikiwa hakina kazi, chumvi haitiwi chakula kikiwa juu ya mafuta, na moto haupandi juu ya nyuzi 175 isipokuwa kwa sababu maalumu. Yakishachoka yanakusanywa kwenye madumu na kuchukuliwa na watu wanaoyageuza dizeli ya mimea au sabuni. Kwenye sinki hayaingii kamwe. Mwaka 2017 chini ya mtaa wa Whitechapel, London, walikuta bonge la mafuta yaliyoganda pamoja na takataka lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130, limeziba mfereji wa majitaka. Picha yake ipo ukutani juu ya sinki letu. Sijaona tangazo la maandishi lililowahi kufanya kazi nzuri kama hiyo picha.

Vifungashio sitavieleza kwa kirefu, kwa kuwa badiliko lenye faida lilikuwa rahisi: mrija, uma wa plastiki, vipakiti vya sosi na mifuko havitolewi mpaka vitakiwe. Wengi hawaviombi. Wanaokula palepale wanatumia vyombo vya kuosha. Nina onyo moja kwa anayetaka kununua vikombe vya "plastiki ya mimea". Aina iliyoenea, PLA, huoza vizuri kwenye viwanda vya mboji vyenye joto la karibu nyuzi 60. Kama eneo lako halina kiwanda cha namna hiyo, kikombe hicho kitakaa dampo kama kingine chochote, na umelipia zaidi. Uliza kwanza takataka zako zinakwenda wapi, ndipo uchague kifungashio.

Menyu ilikuja mwisho, na ndiyo iliyoleta ubishi mkali zaidi. Nilipendekeza tuipunguze. Kila chakula kilicho kwenye menyu lazima viungo vyake vikae friji hata siku ambayo hakuna atakayekiagiza, na ndoo ya kwanza ilikuwa ikitaja viungo vilevile wiki hadi wiki. Wapishi waliona ni kama kunyang'anywa ujuzi wao. Tulielewana hivi: chakula kinachotumia kiungo kisichotumika popote pengine kiondoke au kibadilishwe ili kishirikiane viungo na vingine. Shina la koliflawa likaingia kwenye supu, mifupa na maganda safi ya mboga yakawa msingi wa mchuzi, mkate wa jana ukawa chenga za kukaangia. Hakuna jipya katika haya. Ni mapishi ya kale ambayo jikoni zenye haraka zimeyaacha.

Kwa upande wa nyama ya ng'ombe nilikuwa na maoni makali kuliko wenzangu. Katika utafiti mkubwa wa Joseph Poore na Thomas Nemecek uliochapishwa mwaka 2018 kwenye jarida la Science, chakula kinabeba karibu robo ya gesijoto za binadamu, na nyama ya ng'ombe imo miongoni mwa vinavyoongoza kwa mbali. Sikutaka kuiondoa. Tulichofanya ni kuziweka sahani za kunde, dengu na mboga juu ya menyu badala ya kuzifungia kwenye kijisanduku chao pembeni, tukazieleza kwa ladha yake na si kwa kukosa kwake nyama. "Dengu za kuchoma zenye limau na kitunguu saumu" huuzika. "Chakula kisicho na nyama" hakiuziki. Zinaagizwa na watu wanaokula nyama kila siku, na hao ndio niliowalenga.

Maganda yasiyolika yanaenda kwenye mboji. Mboji inahitaji mchanganyiko wa vibichi na vikavu ili sehemu ya kaboni iwe mara 25 hadi 30 ya naitrojeni, kwa hiyo makatoni yetu yaliyochanwachanwa, yasiyo na rangi nzito wala gundi ya plastiki, yamepata kazi. Nyama na mafuta haviingii, kwa kuwa huvuta panya na kutoa harufu. Ila ninawaambia wapishi wapya kwamba mboji ni hatua ya mwisho. Chakula kizuri kilichoishia kwenye mboji bado ni upotevu, hata kama udongo umenufaika.

Jambo ambalo halijakamilika ni la wauzaji wetu. Mboga nyingi sasa zinafika kwenye kreti za plastiki ngumu zinazorudi na lori lililozileta, badala ya maboksi na mifuko. Waliokubali walikubali baada ya sisi kuahidi kuziosha na kuzipanga tayari, ili dereva asipoteze muda. Anayeleta samaki bado anatumia maboksi ya povu, na hoja yake ina uzito: povu linahifadhi barafu na ni jepesi kubeba. Tumekubaliana ajaribu kasha gumu lenye kifuniko kwa mzigo wa asubuhi tu, safari ikiwa fupi na jua halijapanda. Samaki wakifika na joto lilelile kwenye kipima joto chetu, tutaongeza na mzigo wa mchana.